Kozi ya bunduki kwenye theluji: koti si shida kubwa

Yaya, unatoka Lubumbashi kwenda kozi ya bunduki ya kuwinda kule Québec mwezi wa kwanza, na unauliza kama koti lako la baridi ya mwezi wa sita litatosha. Halitoshi, lakini vidole ndivyo vitakusumbua zaidi. Vaa glavu nyembamba za sufu, na juu yake zile nene zisizogawa vidole. Zamu yako ikifika, vua zile nene tu. Kidole chenye glavu nene hakiisikii triga, na risasi inaweza kutoka kabla hujataka. Mwilini anza na sufu. Pamba ikilowa jasho haikauki upesi.

Bunduki yenyewe, pangusa mafuta kwenye bolti (chuma kinachosukuma na kufunga risasi nyuma ya mtutu) yabaki kidogo sana. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri mafuta mengi yanakuwa mazito kama mawese ya asubuhi: pini inayogonga risasi inakwenda polepole, inagonga kwa unyonge, risasi haiwaki. Hapo usiharakie kufungua bolti! Mtutu ubaki umeelekea shabaha, subiri dakika nzima.

Wengi wanaharibu mambo jioni. Wanaingiza chuma baridi kwenye nyumba yenye moto, unyevu unakijaa, kesho yake unaganda. Hakikisha bunduki haina risasi, iache ndani ya begi lililofungwa saa mbili tatu ipate joto taratibu, halafu ikaushe.

Na ufanyie mazoezi ukiwa na koti lilelile utakalowindia, maana unene wake unasogeza jicho mbali na darubini.