Miguu kuvimba: ni damu ya ukoo au udongo wa shamba?

SWALI: Shikamoo daktari. Kwetu ni miteremko ya Mlima Elgon. Babu alikuwa na matende, shangazi anayo, na sasa kaka yangu ameanza kuvimba nyayo. Kipimo cha minyoo ya matende hakikuonyesha kitu. Nina mtoto wa miaka 4. Je, tunarithishana?

JIBU: Marahaba, dada. Kwa maelezo yako nafikiria podokoniosi, matende yasiyoletwa na mbu. Chanzo ni udongo mwekundu wa volkano, wa milimani kwenye mvua nyingi. Chembe zake ndogo mno za madini hupenya ngozi ya anayetembea peku, zikaingia mishipa ya limfu, ile inayopitisha maji ya mwilini. Kinga ya mwili huzishambulia miaka nenda miaka rudi, mpaka mishipa yenyewe inaziba na maji yanakosa pa kupita. Ndiyo maana huanzia chini: wayo unawasha, unaungua usiku, vidole vinakakamaa.

Mbona basi majirani wanaolima peku udongo uleule hawavimbi wote? Hapo ndipo damu inapoingia. Utafiti uliofanyika kusini mwa Ethiopia ulionyesha mwaka 2007 kwamba ndugu wa kuzaliwa wa mgonjwa ana hatari mara 5 hivi kuliko watu wengine. Mwaka 2012 zikatajwa jeni zinazohusika, za kundi la HLA, ambazo kazi yake ni kuionyesha kinga kipi kigeni.

Utafiti ule wa 2007 ulitaja pia asilimia 63 kuwa mchango wa urithi, na wengi huisoma kama hukumu. Sivyo hata kidogo. Namba hiyo inaeleza kwa nini watu wanaokanyaga udongo huo wanatofautiana. Wavishe wote viatu tangu utotoni, na jeni zilezile hazitamvimbisha mtu.

Kwa hiyo mtoto wako avae viatu vya kufunika mguu wote, si ndala, na shambani pia, si kanisani tu. Akirudi, aoshwe miguu papo hapo. Kamwenge, magharibi mwa Uganda, uchunguzi wa mwaka 2015 ulikuta waliougua ndio hasa waliofanya kazi peku na kuchelewa kunawa.

Kaka yako amewahi, na uvimbe wa mwanzoni hupungua: aoshe kwa sabuni kila siku, akaushe katikati ya vidole, apake mafuta, ainue miguu alalapo, avae viatu. Shangazi akishikwa na homa na mguu ukawaka moto, msimchanje chale. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mleeni karibu, mle naye sahani moja, kwa sababu ugonjwa huu hauambukizi.