Presha ya mama: zahanati 162, nyumbani 138, tuamini ipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 58, tunaishi Mafinga. Zahanati walipata presha 162/96. Nyumbani, kwa mashine ya betri, asubuhi inasoma 151/90, jioni 138/84. Kwa baridi ya huku huwa tunampima akiwa na sweta. Ipi ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Kwa upimaji huo, hakuna hata moja ya kutegemea bado. Presha hupanda na kushuka kutwa nzima, na hapo mmeongezea makosa ya kupima.

Tuanze na sweta. Mashine ya betri haisikilizi mapigo kama sisi tunavyofanya kwa stethoskopu. Inahisi mitikisiko midogo ya mshipa kupitia hewa iliyo ndani ya mkanda, kisha inakokotoa namba zote mbili. Nguo nene ikikaa katikati, mitikisiko hiyo inavurugika. Kukunja sweta hadi begani nako hakufai, kwa sababu linaubana mkono juu ya mkanda. Atoe mkono mzima nje, sehemu nyingine ya mwili ijifunike blanketi. Blanketi ni la lazima hasa Juni na Julai: baridi husinyaza mishipa ya damu na presha hupanda, hivyo asipimwe akiwa anatetemeka.

Jambo la pili, ambalo wengi hawaliangalii kabisa, ni ukubwa wa mkanda. Chukueni futi ya fundi cherehani, mzungushe katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Vipimo vyake huandikwa kwenye mkanda wenyewe. Mama akizidi hapo, tafuteni mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaweza kuongeza namba ya juu kwa 10 au zaidi, mtu akaandikiwa dawa asizohitaji.

Kabla ya kupima, nusu saa ipite bila chai, kahawa, sigara wala kazi nzito. Aende haja ndogo. Akae dakika 5 kimya kwenye kiti chenye egemeo (kigoda hakifai), nyayo chini, asikunje nne. Mkono ulale mezani, mkanda uwe usawa wa moyo: ukishuka sentimita 10 chini ya moyo, namba huongezeka karibu 8. Asiongee, hata simu ikiita.

Siku ya kwanza pimeni mikono yote miwili, kisha mfuate wenye namba kubwa. Halafu kwa siku 7, asubuhi na jioni, pimeni mara mbili kwa kupishana dakika moja, muandike zote. Asubuhi iwe kabla ya kula, na kabla ya dawa kama anatumia. Futeni namba za siku ya kwanza kati ya hizo 7, mtafute wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu. Zahanati mpaka ni 140/90, maana wengi hupanda wakimwona mhudumu. Daftari hilo na mashine vipelekwe zahanati, wailinganishe na ya kwao kwenye mkono uleule.

Ikifika 180/120, apumzike dakika 5 na kurudia. Ikibaki hapo, aonwe siku hiyohiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kupinda au ganzi upande mmoja, msirudie kupima: mkimbizeni hospitali.