Rafting (kushuka mto kwa boti ya mpira) na watoto mto Salmon, Idaho, Marekani: kujua kuogelea peke yake hakutoshi

Mkuu umeuliza kama unaweza kumpeleka shemeji na watoto wa miaka 9 na 12 kule Middle Fork, tawi la mto Salmon, mwezi wa 6, na kama kujua kuogelea kunatosha. Ngoja nikujibu kwa urefu maana sisi tunaishi Boise, hukuhuku Idaho, na tulienda mwezi huohuo, siku 6, mimi, mama watoto na vijana wetu wawili.

Kuogelea hakutoshi kabisa. Mimi na wife tumekulia Kigoma, Ziwa Tanganyika tumeogelea tangu hatujaanza shule, kwahiyo kampuni ilivyotuandikia kila mtu akodi wetsuit (suti ya mpira ya kubana ya kukinga baridi ya maji) mimi nikaona wanataka hela tu, nikawakodia watoto peke yao, sisi wakubwa tukavaa tisheti za pamba na koti la mvua. Hilo kosa ni langu na sijalisahau.

Siku ya kwanza, maporomoko yanaitwa Powerhouse, boti ikapanda jiwe kwa ubavu na mama watoto akaangukia majini. Maji yale ni theluji ya milimani iliyotoka kuyeyuka. Nilimwona anaibuka, mdomo wazi, anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu mwenye pumu, hata kuita hawezi. Mwongozaji akampigia kelele alale chali miguu itangulie asijaribu kusimama, maana mguu ukinasa kwenye mawe mkondo unakulaza kifudifudi na huinuki tena. Akamrushia kamba, ikamfikia mkononi, vidole vikagoma kufunga!! Mtu anayejua kuogelea vile. Ikabidi boti imfuate, tukamvuta kwa mabega ya laifujaketi. Hata dakika tatu hazikufika. Baadae mwongozaji akatueleza kwamba dakika ya kwanza ni ya kupigania pumzi tu, ukiweza kutulia hapo unabakiwa na kama dakika kumi za mikono na miguu kukutii, na kuzimia kwa baridi ni mbali zaidi, kama saa nzima. Kwahiyo wengi maji yanawaua kabla baridi yenyewe haijawaua, na ndio maana laifujaketi ibane hasa, ya mtoto iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu.

Na ukumbuke kule hakuna barabara. Ni kama kilomita 160 ndani ya pori la Frank Church lililohifadhiwa tangu 1980, simu hazishiki, ukiumia unasubiri ndege au helikopta. Mke wangu alivyokuwa anatetemeka vile, watoto kimya wanamwangalia, hakukuwa na gari la kumkimbiza popote. Mungu saidia kambi yetu usiku ule ilikuwa Sheepeater, mbele kidogo tu, kuna chemchemi za maji ya moto. Tukamvua nguo zote mbichi, tukamvisha sweta la sufu na kofia, tukampa chai yenye sukari nyingi, aliporudiwa na nguvu ndio akaingia kwenye maji ya moto. Mtoto wetu mdogo alikaa amemshika mkono mpaka giza linaingia.

Kwa hiyo ushauri wangu sogeza safari mpaka katikati ya mwezi wa 7 au wa 8, mto unakuwa umepungua na maji yana nafuu, ingawa yakipungua sana makampuni mengi huwarusha watu kwa ndege ndogo mpaka Indian Creek, mbele zaidi mtoni, waanzie hapo. Kibali cha kwenda wenyewe ni bahati nasibu, maombi ni Desemba hadi mwisho wa Januari, ila kwa familia ambayo haijawahi usithubutu, nenda na kampuni yenye leseni. Nguo za pamba acha nyumbani, chukua za sufu. Choo ni kopo la chuma na kila kitu mnaondoka nacho, watoto wanazoea siku moja tu.

Watoto wangu hawaachi kuisema Sunflower, chemchemi nyingine mtoni kule, maji ya moto yanamwagika toka kwenye mwamba kama shawa huku mto wa baridi uko chini yako. Mama yao kakubali kurudi, mwezi wa 8 na wetsuit yake mwenyewe. Wetsuit ya mtoto wako mdogo mkaijaribishe kabisa dukani, inafanya kazi kwa kushikilia maji kidogo yanayopashwa na mwili, ikimpwaya maji yanaingia na kutoka ni sawa na hajavaa kitu.