Mbona Barolo ya Mascarello imepauka?

Ndugu, unahofu umeuziwa feki kwa kuwa Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, uliotoka kwa mtengenezaji Bartolo Mascarello, umepauka, na bei yake si ya mchezo. Rangi pekee isikutie shaka. Zabibu ya Nebbiolo, inayotumika kutengeneza Barolo, ndivyo ilivyo: rangi hafifu, ukakasi wa kukausha ulimi. Kisheria Barolo hukomazwa miezi 38, angalau 18 kwenye mapipa ya mbao. Mzee Bartolo, aliyefariki 2005, alishikilia mapipa makubwa ya kizamani na kuchanganya zabibu za mashamba manne, Cannubi likiwemo. Mapipa madogo aliyachukia hadi akachora lebo ya kuyapinga, na mwanasiasa wa Italia, Berlusconi, naye akampinga kwenye lebo hiyohiyo! Bintiye Maria Teresa hajabadili mtindo. Chupa changa imimine kwenye jagi saa kadhaa kabla ya kunywa.