TSH inayumba na uchovu hauishi: kabla ya kununua virutubisho, soma hili

Dada uliyeuliza, pole sana. Umeeleza kwamba unatumia levothairoksini (kidonge cha homoni ya thairoidi), kwamba TSH yako (kipimo cha damu ambacho hupanda homoni hiyo isipotosha) mara iko sawa na mara imepanda ilhali dozi haijabadilishwa, kwamba unaamka umechoka kana kwamba hukulala, nywele zinakatika, na sasa umeshauriwa kununua seti ya virutubisho vya thairoidi. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga ninayeishi na tatizo hilohilo la thairoidi, tezi ya shingoni, kutotoa homoni ya kutosha. Ushauri wangu ni kwamba seti hiyo isubiri. Anza na saa unayomeza kidonge, kisha upime kile unachodhani umepungukiwa.

Bahasha ya dawa niliyopewa mwanzoni iliandikwa "1×1 asubuhi", basi. Sasa asubuhi ya kwetu ina mambo mengi: chai ya maziwa, uji wa lishe ambao mara nyingi una unga wa soya, na kwa wanawake wengi, vidonge vya kuongeza damu vinavyomezwa papo hapo ili visisahaulike. Maziwa yana kalisi (kalsiamu), na kalisi, madini ya chuma, soya na kahawa vyote hupunguza kiasi cha levothairoksini kinachofyonzwa kwenye utumbo. Ukinywa uji huo leo na kesho ukala mkate mkavu, mwili unapokea dozi mbili tofauti kutoka kwenye kidonge kimoja, na hiyo ni sababu mojawapo ya TSH kuyumba.

Kidonge kimezwe kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula chochote. Ambao asubuhi zao ni za mbio wanaweza kukubaliana na daktari wakimeze wakati wa kulala, mradi zimepita saa tatu au zaidi tangu mlo wa mwisho. Mpangilio huo huwafaa pia baadhi ya wanaofunga Ramadhani, wasiotaka kuamka mapema zaidi ya saa ya daku. Vidonge vya chuma na kalisi vikae mbali na levothairoksini kwa saa nne. Mimi humeza changu alfajiri saa kumi na moja na nusu, chai yangu huwa saa kumi na mbili na nusu, na kidonge cha chuma hukingoja chakula cha mchana, pamoja na chungwa la Muheza kwa sababu vitamini C husaidia chuma kufyonzwa, ilhali chai huzuia. Kama unatumia omeprazole kwa ajili ya vidonda vya tumbo, mwambie daktari, kwa kuwa nayo hugusa ufyonzwaji. Ukishabadilisha utaratibu, usikimbilie maabara wiki inayofuata: homoni hii hukaa muda mrefu mwilini, na TSH hutulia baada ya wiki 6 hadi 8. Nasi wa pwani tusiache vidonge dirishani au jikoni, kwani joto na unyevu huviharibu.

Sasa tuje kwenye upungufu wenyewe, na hapa ningesisitiza madini ya chuma kuliko kitu kingine chochote. Thairoidi ikilegea, hedhi ya wanawake wengi huwa nzito, na damu inayopotea huondoka na chuma. Chuma kikipungua, kimeng'enya ambacho tezi hukitumia kutengeneza homoni nacho hudhoofika, kwa hiyo mawili haya hulishana. Tatizo ni kwamba kipimo cha kawaida cha wingi wa damu kinaweza kutoka vizuri huku akiba ya chuma imekauka. Akiba hiyo hupimwa kwa feritini. Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya mikrogramu 15 kwa lita kuwa upungufu kwa mtu mzima asiye na maambukizi, na madaktari wengi huchukua hatua hata kabla ya kufika hapo. Usipime ukiwa na malaria au homa nyingine, kwa maana uvimbe wa ndani huipandisha feritini na kuficha upungufu.

Kwangu dalili iliyomfanya daktari aagize kipimo hicho haikuwa uchovu, maana kila mwalimu amechoka. Ilikuwa hamu ya kutafuna barafu, na udongo ule unaouzwa kwa vipande sokoni. Nilipoanza dawa ya chuma, hamu hiyo ilikoma mapema, nguvu zikarudi polepole baadaye. Hata hivyo, usimeze chuma bila kipimo, hasa kama katika familia kuna seli mundu au umewahi kuongezewa damu mara nyingi, kwa sababu chuma kikizidi nacho hudhuru.

Cha pili ni vitamini B12. Chanzo kikubwa cha thairoidi kulegea, hasa mahali ambapo chumvi ina madini joto (iodini) ya kutosha, ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi. Kinga hiyohiyo wakati mwingine hushambulia na tumbo, na hapo B12 haifyonzwi hata ukila maini na dagaa kila siku. Ganzi miguuni, ulimi unaowaka na kusahausahau ni dalili za kumwambia daktari. Vitamini D pia hupimwa, ingawa sijaona ikibadilisha uchovu wangu.

Kuhusu seti uliyoshauriwa, soma lebo kwa makini. Nyingi zina madini joto au mwani wa baharini, na madini hayo yakizidi yanaweza kuilegeza tezi zaidi. Chumvi yetu ya dukani kwa kawaida tayari imeongezewa. Zile za nywele huwa na bayotini nyingi, aina ya vitamini B, ambayo inaweza kupotosha majibu ya TSH, kwa hiyo iache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu. Kabichi na mihogo iliyopikwa vizuri, kwa mtu anayekula mlo mchanganyiko, sioni sababu ya kuiogopa.

Kama kuna uwezekano wa ujauzito, pima mara moja na umjulishe daktari, kwa sababu mahitaji ya homoni hupanda tangu wiki za mwanzo. Na kama fedha inatosha kipimo kimoja tu, chagua feritini ikiwa hedhi yako ni nzito. Ikiwa unatumia metformin, dawa ya kisukari inayoweza kupunguza B12, au una ganzi, tangulia na B12.