Mtazame asiyeongea

Mwezi uliopita mdogo wangu aliye chuoni aliniuliza swali ambalo nimelizoea: dada, unapata nini kukaa saa nne ukitazama watu wazima wamezunguka meza, wanarusha dadu na kujifanya wachawi? Nikamuuliza kama anakumbuka baraza ya jirani yetu, pale wazee walipokuwa wakicheza bao. Wachezaji wawili, waliosimama wanane, na hakuna aliyeondoka mpaka adhana ya magharibi. Anaikumbuka. Babu yetu alikuwa mmoja wa wale wanane. Kuanzia hapo tukaelewana, na haya ninayoandika ndiyo niliyomweleza jioni ile, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka.

Kwa asiyejua kabisa: Dungeons & Dragons ni mchezo uliochapishwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja ni mwendeshaji. Yeye ndiye anayeieleza dunia mliyomo, na ndiye anayewasemea walinzi wa lango, wenye maduka, maadui na joka lenyewe. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Hakuna mshindi. Chukua mchezo wa baba na mama tuliocheza utotoni, uuwekee kanuni, na penye shaka dadu iamue, umeshaupata. Machi 2015 kundi la waigizaji wa sauti wa Los Angeles lilianza kurusha mchezo wao mubashara mtandaoni kwa jina la Critical Role, na tangu hapo kuutazama kumekuwa burudani inayojitegemea. Mwaka 2019 waliwaomba mashabiki dola 750,000 watengeneze katuni ya hadithi yao, wakachangiwa zaidi ya milioni 11. Januari 2025 kundi jingine, Dimension 20, lilicheza Madison Square Garden kule New York, ukumbi wa ngumi na mpira wa kikapu, na watu walikata tiketi kutazama meza.

Sasa ushauri. Usianzie mwanzo.

Najua inasikika vibaya, lakini piga hesabu. Kampeni, yaani hadithi moja ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao, ya kwanza ya Critical Role ina sehemu 115, ya pili 141, ya tatu 121, na sehemu moja mara nyingi inapita saa tatu. Mimi nilianza na sehemu ya kwanza ya kampeni ya kwanza. Sauti zilikuwa zinakatika, na wale watu walikuwa wamecheza pamoja nyumbani kwa muda mrefu kabla ya kamera kuwashwa, kwa hiyo niliikuta hadithi iko njiani tayari. Nilifika sehemu ya tisa nikaacha. Kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba jambo hili halikutengenezwa kwa mtu kama mimi, na mwaka ule unaniuma, maana nilichokosea ni pa kuanzia tu.

Anza na Exandria Unlimited: Calamity, hadithi fupi ya Critical Role ya mwaka 2022. Ina sehemu nne basi. Mwendeshaji ni Brennan Lee Mulligan, na mezani wapo Aabria Iyengar, Lou Wilson, Luis Carazo, Marisha Ray, Sam Riegel na Travis Willingham. Hadithi inatokea katika Avalir, mji unaoelea angani, na tangu mwanzo kila aliyeketi pale anajua kwamba zama zile zinakwenda kuangamia. Wanacheza hivyo hivyo, kwa moyo wote. Ukitaka kitu chepesi na cha kuchekesha zaidi, msimu wa kwanza wa Dimension 20, Fantasy High wa mwaka 2018, una sehemu 17 na uko YouTube bila malipo.

Kuhusu bando, niseme kwa kifupi. Shusha picha mpaka kiwango cha chini. Hupotezi kitu, hawa watu wameketi. Critical Role inapatikana pia kama podikasti, sauti tupu, na mimi nimesikiliza nusu ya kampeni ya pili nikipika na kufua. Wanarusha Alhamisi saa moja usiku ya Los Angeles, ambayo kwetu ni Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa kumi na moja inakuwa saa kumi na mbili. Nimewahi kuamka kwa ajili hiyo, na nilifurahi kuona kitu kwa wakati mmoja na maelfu ya watu nisiowajua. Lakini hakuna ulazima.

Kanuni usizisome kwanza. Kuna moja tu unayoihitaji: mtu akitaka kufanya jambo gumu, anarusha dadu yenye pande ishirini, anaongeza namba inayoonyesha uhodari wa mhusika wake, na jumla ikifikia kiwango alichoweka mwendeshaji, amefaulu. Ishirini yenyewe ni nafasi moja kati ya ishirini, yaani asilimia 5. Mhusika akiwa na nafuu fulani anarusha mara mbili na kuchukua namba iliyo kubwa, na nafasi hiyo inapanda hadi asilimia 9.75. Ukishaelewa hapo utajua kwa nini meza nzima inaruka dadu inapotua. Mengine utayaokota njiani, kama tunavyookota sheria za mpira wa miguu bila mtu kutufundisha.

Ninachotaka ukishike kuliko vyote ni hiki: usimtazame sana anayeongea, mtazame asiyeongea.

Macho ya mtazamaji mpya humfuata mwenye sauti ya kuigiza, mwenye vituko, mwenye kulia. Siku moja nilirudia sehemu ambayo nilishaiona, nikaamua kuwaangalia wale ambao zamu si yao. Nikaona mtu ameinamia daftari anaandika kila jina linalotajwa. Nikaona mwingine ameshika mdomo kwa sababu ameng'amua jambo kabla ya mhusika wa mwenzake, na analinyamazia ili mwenzake aliguse mwenyewe. Dakika arobaini baadaye yule wa daftari alilitaja jina ambalo wote walikuwa wamelisahau, jina la mtu mdogo tu wa njiani, na hadithi ikageuka. Huwezi kufanya hivyo kama ulikuwa unapanga maneno yako mwenyewe. Ile kazi nzima inasimama juu ya kusikiliza, na sauti za kuigiza ni mapambo.

Mwendeshaji naye anapimwa hapo. Matthew Mercer, aliyeendesha kampeni tatu za kwanza za Critical Role, ana swali lake maarufu: mchezaji akimpiga adui mkubwa pigo la mwisho, Mercer haelezi adui anavyokufa. Anamgeukia mchezaji na kumuuliza, kwa Kiswahili chetu tungesema, "Unataka kummalizaje?" Mwenye mamlaka yote ya dunia ile anayakabidhi kwa mwingine katika dakika yenye utamu kuliko zote. Mimi huacha nilichoshika mkononi nikisikia swali hilo.

Kwa sababu hiyo, unapotafuta kipindi chenye watu wa asili mbalimbali, usiishie kuhesabu nyuso kwenye picha ya tangazo. Angalia nani anaendesha. Angalia nani anapewa zamu mambo yakiwa mazito. Rivals of Waterdeep, kilichoanza 2018, kilikuwa na wachezaji Weusi na wengine wasio wazungu, akiwemo Tanya DePass wa Chicago, aliyeanzisha shirika la I Need Diverse Games. Kilichonivuta zaidi ni kwamba kiti cha mwendeshaji kilizunguka: aliyekuwa shujaa msimu huu, msimu mwingine ndiye anayeishika dunia. DePass baadaye aliongoza Into the Mother Lands, hadithi inayotoka kwa watu wa dola ya Mali enzi za Mansa Musa waliofika sayari ya Musalia na kujenga ustaarabu wao mbali na ukoloni. Kule DesiQuest, Jasmine Bhullar anaendesha meza ya watu wenye asili ya Asia Kusini. Aabria Iyengar, mwanamke Mweusi, ameendesha meza za Dimension 20 na za Critical Role, na mwaka 2021 Mercer mwenyewe aliketi kama mchezaji wa kawaida katika meza aliyoiendesha Aabria. Uingie kwa mlango wa mtu unayemwelewa. Mimi nilimwelewa Aabria, na sioni haya kusema kwamba kumwona amekalia kile kiti kulinirudisha kwenye jambo nililokuwa nimeliacha.

Mchezo wenyewe nao umesukumwa na watu hawa. Orki, viumbe wa kubuni wa mchezo huu, walielezwa kwa miaka mingi kama watu waovu kwa kuzaliwa, na wachezaji Weusi walisema waziwazi kwamba lugha ile wanaijua ilikotoka. Mwaka 2020 kilitoka kitabu kilichoruhusu uwezo wa mhusika usifungwe na mbari yake, yaani aina ya kiumbe alicho, na kitabu kipya cha wachezaji cha 2024 kimeacha neno la mbari, kinatumia spishi. Kuna wanaosema hayo ni mambo madogo. Mimi nasema mtoto anayechagua mhusika wake wa kwanza hayaoni madogo.

Ukitazama vya kutosha utataka kucheza. Nawe cheza. Sheria za msingi ziko huru. Tangu Januari 2023 zimewekwa chini ya leseni ya Creative Commons na unazipakua bila kumlipa mtu. Dadu ya pande ishirini sikuipata dukani mtaani kwetu, kwa hiyo nilikusanya vizibo ishirini vya soda, nikaviandika namba moja hadi ishirini kwa kalamu ya wino mzito, nikavitia katika mfuko wa kitenge. Unachota kimoja, unakisoma, unakirudisha. Hesabu ni ile ile.

Meza yangu ya kwanza ilikuwa na watu watano, na makosa yake bado nayabeba. Niliiga. Niliigiza sauti kama wale wa Los Angeles, nikaendesha kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha niliyousikia nayo mchezo. Mtoto wa shangazi yangu, ambaye nyumbani ndiye msimulizi wetu, alikaa saa mbili na nusu akasema maneno labda kumi. Nilidhani hajaupenda.

La pili lilikuwa zito zaidi. Katikati ya hadithi niliweka mama aliyekufa kwenye nyumba iliyoungua, na wahusika wamkute. Rafiki yangu mmoja alikuwa amemzika mama yake miezi minne kabla. Nilijua, nilikuwa nimekwenda msibani. Sikuunganisha. Alinyanyuka, akasema anakwenda kunywa maji, na hakurudi mezani siku ile. Nilimfuata kwake kesho yake kumwomba radhi, akanipokea vizuri, akaniambia tu, "Ungeniuliza." Hakuongeza neno.

Neno hilo moja tangu siku hiyo ndilo kikao chetu cha awali. Kabla hadithi haijaanza tunakaa, tunakunywa chai, na kila mtu anataja asichotaka kukutana nacho mezani. Hadai sababu na haulizwi. Katikati ya meza tunaweka kadi yenye alama ya X, utaratibu uliobuniwa na John Stavropoulos wa Marekani mwaka 2013: ukiigusa, lile jambo linaondolewa na mchezo unaendelea, bila maelezo. Kwetu hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Tumefundishwa kuvumilia mbele za watu. Kwa hiyo mwendeshaji aiguse yeye kwanza, siku ya kwanza, kwa jambo lolote, ili wengine waone kwamba mkono ukigusa kadi hakuna anayeshangaa. Mimi niliigusa kwa ajili ya nyoka, ambao kweli siwawezi.

Na tulihamia Kiswahili. Sikupanga, umeme ulikatika, tukawasha mshumaa, na mlinzi wa lango niliyekuwa namwigiza akajikuta anasema, "Nyie mnatoka wapi usiku huu?" Mtoto wa shangazi akamjibu palepale kwa lafudhi ya bibi mmoja wa pwani, mwenye kuumwa miguu, anayekwenda kumwona mjukuu, na kamwe hamna panga ndani ya kikapu hiki mwanangu, ni mihogo tu. Meza ikalipuka. Nikampa mfuko wa vizibo, akachota kumi na tisa. Lango likafunguliwa. Yule bibi sasa ana miaka miwili mezani kwetu na ndiye anayeogopwa kuliko wapiganaji wote.

Rafiki yangu alirudi, baada ya wiki sita. Aliketi karibu na kadi.

Jumamosi hii mtoto wa shangazi ndiye anayeendesha, kwa mara ya kwanza, na amekataa kunidokeza chochote. Mdogo wangu wa chuo ameomba kiti. Ameshanitumia jina la mhusika wake na maswali kumi na moja, na nimemwambia ajibu lile moja tu la vitu asivyotaka kukutana navyo. Namba kwenye kizibo cha saba na cha kumi na nne zilikuwa zinafutika. Nimeziandika upya.