Mawazo ya Mkopo na Mwili Unaouma

SWALI: Daktari, habari za kazi. Ninauza vitenge sokoni Busia, nina mkopo wa chama cha akiba, na ada za watoto wanne zinanisubiri. Tangu mwaka jana ninaamka saa tisa usiku na kurudia hesabu hadi alfajiri. Kisogo kinauma, kwa hiyo ninameza diklofenaki karibu kila siku, na sasa tumbo linaungua. Katika duka la dawa walinipima presha wakasema ni 152 kwa 96. Mume wangu anasema ni mawazo tu. Je, ni kweli?
Mama wa watoto wanne, Busia

JIBU: Mama, neno lisilokutendea haki katika barua yako ni hilo "tu".

Pikipiki ikikukatia njia ghafla, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kuutayarisha mwili kwa hatari: moyo hudunda kwa kasi, mishipa ya damu hubana, ini huachia sukari, na tumbo hupunguza kazi yake. Pikipiki ikishapita, mwili hutulia. Mkopo haupiti, unalala nao na kuamka nao, na mwili, usiotofautisha pikipiki na tarehe ya marejesho, hubaki tayari kukimbia. Kotisoli inayopaswa kushuka usiku huweza kubaki juu, usingizi hukatika, na misuli ya shingo hukaza mpaka kisogo kiume. Hata jeraha huchelewa kupona. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwatoboa ngozi ya mkono, tundu la milimita 3.5, wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu waliopotewa na kumbukumbu. Vidonda vyao vilichukua takriban siku tisa zaidi kufunga kuliko vya wanawake wasio na mzigo huo.

Hata hivyo, usiyabebeshe mawazo kila kitu, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza muda wa kutibiwa. Vidonda vya tumbo husababishwa zaidi na bakteria aitwaye Helikobakta pailori, ambaye ugunduzi wake uliwapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na pia na dawa za maumivu kama hiyo diklofenaki. Dawa hiyo hiyo hupandisha presha. Ninahofia kwamba tembe unayomeza kwa ajili ya kisogo ndiyo inayolichoma tumbo lako, kwa hiyo iache, na uombe kituo cha afya wakupime bakteria huyo.

Kipimo kimoja cha presha hakitoshi kukuita mgonjwa, ingawa 140 kwa 90 na zaidi, ikijirudia siku tofauti, ni presha ya juu. Kabla ya kupimwa usinywe chai kwa nusu saa. Keti dakika tano bila kuzungumza, mgongo ukiegemea kiti, nyayo zikiwa chini, na mkono ukiwa umelazwa mezani usawa wa moyo. Andika tarakimu katika daftari lile lile la hesabu zako.

Kuhusu mawazo yenyewe, kupumua taratibu, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, husaidia usiku ule ule, na kutembea haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, husaidia presha na usingizi pia. Punguza chumvi. Usitafute usingizi kwenye waragi, kwa sababu huukata kabla ya alfajiri. Lakini mzizi wako ni deni, na pumzi hazilipi deni: mwende pamoja na mume wako kwa afisa wa mikopo kabla tarehe haijafika, muombe marejesho madogo kwa muda mrefu zaidi, kisha hesabu za usiku uzihamishie jioni, mezani, mkiwa wawili.

Huzuni ikizidi wiki mbili, au ukiona maisha hayana maana, omba kuonana na mhudumu wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Ukiona choo cheusi kama lami, au kifua kikikubana, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.